Ukichora nyumbani, mchunge paka anayejilamba

Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, wachoraji wanaomfuata wamezoea rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Ukiichorea nyumbani, paka naye atakuwemo chumbani.

Nyayo zake kwenye picha si neno, utazifuta. Hatari ni ulimi. Paka hujisafisha kwa kujilamba, hivyo rangi au tapentaini ikimgusa manyoya ataimeza, na ini lake hushindwa kuondoa baadhi ya sumu ambazo la mbwa huziweza.

Akichafuka, usimfute kwa mafuta ya taa wala tapentaini, hata kama ndivyo unavyosafisha mikono yako (nayo si tabia nzuri). Mfunge kanga asijilambe. Lainisha rangi kwa mafuta ya kupikia, kisha muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Iliyokauka, kata manyoya. Usimtapishe, kwani tapentaini ikiingia mapafuni itamzidishia madhara. Akidondokwa na mate, akikohoa au kuyumba, mpigie daktari wa mifugo hapo hapo.

Na lile kopo la kuoshea brashi, lifunike kabla hujalala.