Je, Wajua? Lita Moja ya Petroli Hula Lita Elfu Tisa za Hewa

Je, wajua kwamba injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko mafuta? Gramu 1 ya petroli haiungui sawasawa mpaka ipate takriban gramu 14.7 za hewa. Ukipiga hesabu kwa ujazo, lita moja unayotiliwa kituoni itamaliza kama lita 9,000 za hewa kabla haijaisha. Mafuta tunayalipia, ndiyo maana tunayasema kila siku. Hewa ni ya bure, na hakuna anayeuliza imepitia wapi. Imepitia kwenye manifoldi: chemba na mirija inayopokea hewa kutoka kwenye throto na kuigawia kila silinda fungu lake. Kwenye gari la kawaida kifaa hiki hutoka kiwandani na kufa na injini bila mtu kukigusa. Anayejua ukaidi wa hewa ni yule anayeunda manifoldi kwa mkono wake, hasa kwa gari la zamani analotaka kulifunga turbo, yaani kompresa inayosukuma hewa ndani ya injini.

Tuchukue gari ambalo Afrika Mashariki inalifahamu. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Chini ya boneti mlikuwa na injini ya L24: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, bila turbo. Ndugu yake mkubwa, L28 ya lita 2.8, alikuja kufungwa turbo na Nissan wenyewe katika Datsun 280ZX Turbo ya mwaka 1981. Kwa kuwa injini hizi ni za ukoo mmoja, wapenzi wa 240Z huko Marekani, Japani na Australia wamezoea kung'oa L24, kuingiza L28, kuipachika turbo, kisha kuiweka kando manifoldi ya kiwandani na kuunda nyingine ya alumini. Hapo ndipo vituko vinapoanza.

Injini nyingi za leo huvuta hewa upande mmoja na kutoa moshi upande wa pili. Ukoo wa L hufanya yote mawili upande uleule. Manifoldi ya hewa imekaa juu, ya ekzosi iko chini yake, na zote mbili zinatumia gasketi moja. Zaidi ya hapo, baadhi ya bolti huzibana zote mbili kwa mpigo: washa nene inakanyaga flanji (bamba la kufungia) ya hewa kwa ukingo mmoja na flanji ya ekzosi kwa ukingo wa pili. Fundi akikata flanji mpya iliyo nene au nyembamba kuliko ile ya ekzosi, hata kwa milimita moja, washa inakaa kombo. Inaibana moja na kuiacha nyingine ikipumua. Mwenye gari atabadilisha gasketi tena na tena huku akimlaumu muuza spea, kumbe kosa lilifanyika siku bamba lilipokatwa. Kwa hiyo kipimo cha kwanza katika kazi hii ni unene wa flanji ya ekzosi, kifaa ambacho hata huna mpango wa kukigusa.

Ujirani huo una gharama nyingine. Injini ya turbo ikifanyishwa kazi nzito, manifoldi ya ekzosi inaweza kuwaka nyekundu, na joto hupanda juu moja kwa moja. Bamba la kukinga joto kati ya manifoldi hizo mbili ni la lazima, wala si pambo.

Na joto haliji kutoka chini peke yake. Je, wajua kwamba hewa hupata moto kwa kubanwa tu? Ukichukua hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi na kuibana mpaka kanieneo yake iwe maradufu, kwa kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, itatoka ikiwa na nyuzi kama 125. Hiyo imeshapita maji yanayochemka. Hewa ya namna hiyo ni nyepesi, kwa hiyo faida ya kuibana inapungua, tena huifanya petroli kulipuka kabla ya wakati wake. Mafundi husema injini inagonga. Ikigonga muda mrefu chini ya turbo, pistoni hutoboka. Kazi ya intakula, ile rejeta ya hewa mbele ya gari, ni kuipoza hewa hiyo kabla haijafika kwenye manifoldi.

Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitafuta njia nyingine. Gari lake la Jetfire, miongoni mwa magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo (lingine ni Chevrolet Corvair Monza Spyder ya mwaka huohuo), halikuwa na intakula. Lilikuwa na tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yakinyunyiziwa kwenye hewa ili kuipoza. Wazo zuri, ila lilimtegemea mteja akumbuke kujaza tangi. Wengi hawakukumbuka. Kufikia mwaka 1965 kampuni ilikuwa inawapa wenye magari hayo nafasi ya kung'olewa turbo na kuwekewa manifoldi ya kawaida na kabureta. Nadhani hakuna ushahidi mzuri zaidi kwamba injini lazima iundwe kwa ajili ya dereva aliyepo, si dereva tunayemtamani.

Kwa nini basi watu wahangaike na turbo? Jibu moja liko kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, dereva afanye lolote. Turbo huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia pengo. Toyota Celica Twin-Cam Turbo ilishinda Safari mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, na kabla ya hapo hakuna gari la turbo lililokuwa limeshinda mashindano hayo.

Toyota hiyohiyo iliponzwa na hewa baadaye. Ili kupunguza kasi ya magari ya mbio za dunia, FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizo, iliamuru turbo ivute hewa kupitia tundu lisilozidi milimita 34. Mwaka 1995, katika Rally Catalunya, wakaguzi waligundua kwamba kizibo chenye tundu hilo kwenye Celica kilisogea kidogo kikishafungwa, na hewa ya ziada ikapita pembeni. Ukikifungua kukikagua, kinarudi mahali pake. Timu ilifungiwa miezi 12. Ilikuwa hila, lakini hila ya fundi hodari.

Turudi kwenye benchi la kazi. Je, wajua kwamba hewa ndani ya manifoldi haitiririki kwa utulivu kama watu wanavyodhani? L28 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda huvuta hewa mara 50 kwa sekunde, na kila mara vali hukaa wazi kwa milisekunde 7 hivi tu. Vali ikijifunga ghafla, hewa iliyokuwa ikikimbia hugonga mlango na kurudisha wimbi la kanieneo kwenye mrija, kwa kasi ya sauti. Wimbi hilo huenda, hufika mdomo wa mrija, hurudi. Kama urefu wa mrija umepimwa vizuri, wimbi linarejea wakati vali inafunguka na kuisukumia silinda hewa ya nyongeza bila malipo. Umekosea urefu? Linarejea kwa wakati mbaya.

Chrysler walilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Katika Chrysler 300F ya mwaka 1960, yenye injini ya V8, mirija ilikuwa na urefu wa inchi 30, yaani milimita 762. Haikuweza kukaa upande wake, ikabidi ivuke juu ya injini: kabureta ya kushoto ikalisha silinda za kulia, na ya kulia ikalisha za kushoto. Injini hiyo ilitoa nguvu ya farasi 375. Kulikuwa pia na toleo la farasi 400 ambalo kwa nje lilionekana lilelile, ila ndani ukuta kati ya mirija uliondolewa mpaka urefu halisi ukabaki inchi 15. Mirija mirefu husaidia injini ikizunguka polepole, mifupi ikizunguka kasi. Na hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya mafundi wa turbo hubisha: kuongeza kanieneo hakubadilishi kasi ya wimbi hilo. Kinachoibadilisha ni joto. Hesabu ya urefu wa mrija inataka kujua hewa ina nyuzi ngapi, si turbo inasukuma kiasi gani.

Mwanzo wa mrija ndani ya chemba una siri yake. Mrija uliokatwa wima na kuachwa na kingo kali huifanya hewa ijikunje ikiingia, kana kwamba tundu ni dogo kuliko lilivyo. Kingo zikiviringwa kama mdomo wa tarumbeta, upotevu pale mlangoni hushuka hadi sehemu ya kumi au chini yake. Ni kazi ya nusu siku kwa mashine ya kukereza, na watu huiruka kwa sababu ikishafunikwa haionekani.

Kugawa hewa kwa haki ni kazi ngumu zaidi. Throto ikiwa mbele ya injini, hewa huingia kwenye chemba kwa kasi na kufanya kama abiria wa daladala waliosukumwa na konda: wote wanarundikana nyuma. Silinda ya sita inashiba, ya kwanza inapunjwa. Injekta hazijui hilo, zinamwagia kila silinda petroli ileile. Silinda iliyopata hewa nyingi inaungua kwa mafuta machache, inapata moto kupita kiasi, na ndiyo ya kwanza kutoboka pistoni. Ndiyo sababu chemba nyingi nzuri huwa pana upande wa throto na kuchongoka kuelekea mwisho.

Umbo hilo lisiwe la bapa tu. Turbo ikisukuma baa 1 juu ya kawaida, bamba la sentimita 40 kwa 10 hubeba msukumo unaolingana na uzito wa zaidi ya kilo 400 kutoka ndani. Bamba jembamba litatuna, likirudi litanywea, na baada ya miezi ya kutuna na kunywea ufa unatokea kandokando ya mshono. Ukuta wa mviringo huhimili vizuri zaidi kwa unene uleule.

Kuna bomba dogo ambalo likisahaulika linahatarisha maisha. Hidrovaki, kifaa kinachomsaidia dereva kukanyaga breki, hupata mvuto wake kutoka kwenye manifoldi. Turbo ikianza kusukuma, mvuto unageuka kuwa msukumo, kwa hiyo lazima kuwe na vali ya njia moja katikati. Manifoldi mpya isiyo na tundu la breki, au iliyo nalo bila vali hiyo, inakupa gari lenye nguvu mpya na breki ngumu kama mwamba.

Kuhusu kuchomelea, je, wajua kwamba alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 lakini utando wa oksaidi unaoifunika huyeyuka kwa zaidi ya 2,000? Fundi asiyejua huona uso haujabadilika, anaongeza moto, na ghafla kipande chote kinadondoka sakafuni, maana alumini haiwaki nyekundu kutoa onyo. Mashine ya kuchomelea ya TIG hutumia mkondo geu: nusu ya mzunguko huvunja utando, nusu nyingine huyeyusha. Hata hivyo, eneo husuguliwa kwanza kwa brashi ya chuma isiyoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Flanji nayo hufungwa kwa bolti kwenye silinda hedi mbovu au bamba nene la chuma kabla ya mshono wa kwanza, na fundi huruka huku na huku badala ya kwenda mfululizo. Akiichomelea ikiwa huru, itajipinda kama ndizi, na hakuna gasketi itakayoziba pengo hilo.

Onyo moja halina mzaha. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina viyeyusho vya klorini. Mabaki yake yakipigwa na moto na mwanga wa kuchomelea hutoa fosijini, gesi ileile iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Asetoni inatosha, na iachwe ikauke kabisa.

Kama nawe unaundiwa manifoldi, kabla hujatoa pesa ya mwisho mwambie fundi azibe matundu yote, ajaze hewa kwa kanieneo ileile tu ambayo turbo yako itasukuma, kisha apake maji ya sabuni kwenye kila mshono. Povu likichomoza popote, kazi irudi mezani, na pesa ibaki mfukoni.