Saiti Yako Inabonga na Google ama Imenyamaza?

Manze, kuna saiti mob za Nairobi ziko na luku safi lakini Google haizioni. Msee anauza ndula za mtumba Gikomba. Amelipa fundi chapaa ya maana, na ukurasa wa kwanza ni posta moja kubwa: jina ya duka, saizi, bei, namba ya simu, zote zimechorwa ndani ya picha. Kwa macho yako iko fiti. Sasa Googlebot, ile programu ya Google hupitia mtandao ikisoma kurasa, ikifika hapo inapata faili inaitwa IMG_2034.jpg na taito ya juu imeandikwa "Home". Basi. Hakuna "viatu", hakuna "Gikomba". Dem wa Umoja akisaka "viatu mtumba Gikomba saizi 39", hilo duka litatokea aje?

Hii si ngori ya kulilia. Toa hayo maneno kwa picha, uyaandike kama maandishi. Taito iseme kitu: "Viatu vya mtumba Gikomba, saizi 36 hadi 45". Picha ipee jina ya ukweli, viatu-vyeusi-ngozi-39.jpg, alafu ujaze ile sehemu ya alt: "Viatu vyeusi vya ngozi, saizi 39". Hiyo alt ndiyo simu humsomea msee haoni, so hapo umejenga mara mbili. Na usirudie "viatu viatu viatu" mpaka chini. Google inajua hiyo mchezo kitambo.

Kitu ingine inaumiza wasee ni kafaili kanaitwa robots.txt, kenye huambia roboti kama Googlebot zisiingie wapi, mpango wenye Martijn Koster alileta 1994. Fundi akiwa bado anajenga, huwekanga "Disallow: /" roboti zisiingie, alafu anasepa bila kuitoa. Mstari moja tu, na saiti mzima imefungiwa. Andika anwani yako, ongeza /robots.txt mwisho, ucheki saa hii.

Google pia husoma saiti venye inakaa kwa simu, so ijaribu kwa simu ya kawaida, si kwa laptopu ya fundi.

Na msee akikuahidi namba moja kwa Google, usimpee hata soo. Google yenyewe imesema hakuna mtu anaweza kuahidi hiyo. Badala yake tumia Search Console, tool yao ya wenye saiti, ni ya bure. Ingia, sajili saiti, ujionee kurasa gani zimesomwa na gani zimeachwa.