Damu Husema Nini Kuhusu Saratani ya Utumbo Mpana?

Mkulima wa miaka 58 wa Bomani, mjini Tarime, anapofika zahanati akilalamikia uchovu na damu katika choo, hudhaniwa upesi kuwa ana amiba, minyoo au kichocho cha tumbo. Dhana hizo zina msingi, kwani maradhi hayo yapo katika ukanda wa Ziwa Viktoria. Hatari huanza anapopewa dawa kwa mara ya tatu bila utumbo wake kuchunguzwa.

Wengi huuliza kama kipimo cha damu hakiwezi kumaliza shaka hiyo. Kinachojulikana zaidi ni cha CEA, protini iliyogunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman mjini Montreal, Kanada. Kwa watu wengi wenye afya haizidi nanogramu 5 kwa mililita. Hata hivyo, saratani changa mara nyingi haiipandishi, ilhali uvutaji sigara na maradhi ya ini huweza kuipandisha. CEA ya kawaida, basi, haimwondolei mtu saratani. Manufaa yake huonekana zaidi baada ya upasuaji: ikiwa ilikuwa juu, hutarajiwa kushuka ndani ya majuma machache, ikipanda tena, daktari hutafuta saratani iliyorudi, hasa katika ini.

Marekani iliidhinisha mwaka 2024 kipimo cha vipande vya DNA vilivyomo katika damu. Katika utafiti wake kiligundua asilimia 83 ya saratani, lakini asilimia 13 tu ya vinyama hatari ambavyo bado havijageuka saratani. Na hivyo ndivyo vingefaa kuondolewa mapema.

Kipimo kinachopuuzwa ni cha bei nafuu: picha kamili ya damu. Saratani ya upande wa kulia wa utumbo mpana huvuja damu kidogo kidogo, isionekane kwa macho. Madini ya chuma huisha, hemoglobini hushuka, na chembe nyekundu huwa ndogo, zilizopauka. Safura nayo huleta hali hiyo, hivyo itibiwe. Lakini kwa mwanamume mtu mzima, au mwanamke aliyekoma hedhi, tiba ya minyoo isichelewesha rufaa ya kolonoskopi, kwa mfano katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Barua ya rufaa itaje hemoglobini, ukubwa wa chembe na tarehe za vipimo vilivyotangulia.