Miwani Mpya na Bado Kichwa Inakugonga? Cheki Kama Macho Yako Yanaona Saizi Moja

Umechukua miwani mpya, luku iko fiti, herufi zinaonekana wazi. Lakini ukisoma kurasa mbili tu, kichwa inaanza kugonga, mistari inaingiliana na sakafu inakaa ni kama imeinama. Usijiite mvivu wa kusoma, msee. Hiyo inaweza kuwa aniseikonia.

Iko hivi: kila jicho lina picha yake, halafu ubongo unaziunganisha ziwe moja. Jicho moja likileta picha kubwa kuliko lingine, ubongo unahangaika. Tofauti kidogo unaizoea, lakini ikifika kama asilimia 5 hivi, kuziunganisha inakuwa noma.

Mara nyingi chanzo ni miwani yenye nguvu tofauti kila upande. Lenzi ya kuona mbali hupunguza picha, ya kuona karibu huikuza. Pia inaweza kuja baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, ama retina ikiwa na shida.

Na hapa ndipo wengi hukwama: ile chati ya herufi hupima jicho moja moja, so unaweza kupita yote mawili na bado uteseke.

Jicheki. Ziba jicho moja usome. Kama unasikia afueni, rudi kwa mtaalamu wa macho umwambie hivyo, apime macho yakifanya kazi pamoja. Anaweza kubadilisha umbo la lenzi, ama akupee zile za kuvaa juu ya jicho lenyewe, ambazo hupunguza hiyo tofauti.

Miwani usitupe kwanza.