Kibao Kimesimama, Njia Bado

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni takriban kilomita 66, na tangu lami ifike ziwani safari hiyo ni fupi kiasi kwamba abiria huteremka milima ya Wamatengo bila kujua amepita wapi. Wazo la kuweka vibao vya historia kando ya barabara za huku, kwa hiyo, lina mantiki yake. La kujiuliza ni kinachobaki pale mradi wa aina hii unapokabidhiwa.

Andiko la mradi huwa karimu. Kibao chenye maelezo ya kusomeka, egesho la magari, njia ya miguu hadi eneo lenyewe, kivuli, choo, na vijana wa kijiji waliofundishwa kuongoza wageni. Maeneo nayo hayana ubishi. Litembo, ambako Wamatengo walipambana na majeshi ya Wajerumani mwaka 1902. Mashamba ya ngoro, yale mashimo ya miraba yanayoshikilia udongo na maji kwenye miteremko mikali. Liuli, ambako mmisionari wa Kianglikana William Percival Johnson alizikwa mwaka 1928, na ambako jiwe la Pomonda linasimuliwa kuwa lilificha watu wakati wa mashambulizi ya Wangoni.

Ugumu wa kwanza hauko kwenye saruji, uko kwenye maneno. Kibao hubeba mistari michache tu, na tukio lenye tarehe iliyoandikwa humaliza kazi haraka. Mfano ni Liuli hiyohiyo, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimetangazwa. Kisa hicho kina siku, mwezi na majina, na mwandishi wa kibao anakimaliza kwa mchana mmoja. Habari za Pomonda na Litembo ziko kwa wazee, ukoo huu una simulizi yake na ule una yake, na kuwakutanisha kunataka vikao, nauli na subira. Ratiba ya mradi mara nyingi huvitengea vikao hivyo wiki moja, kana kwamba wazee wanangoja kuitwa. Matokeo yake, meli mbili za wageni hupata maelezo marefu kuliko watu waliokuwa na nchi yao.

Ujenzi wenyewe ni kazi ndogo kwa fundi mzuri: msingi, nguzo mbili, bati la maandishi. Kinachouchelewesha ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai, fedha hufika baadaye, zabuni huchukua miezi, na mkandarasi anapopata eneo la kazi mvua za Ruvuma zimeshaanza. Mvua hizo hushika hadi Aprili. Inapofika Mei zimebaki wiki chache kabla ya hesabu kufungwa Juni 30, na kila kinachoweza kusimamishwa kwa wiki chache husimamishwa. Nguzo husimama. Njia ya miguu haisimamishwi kwa wiki chache.

Kwa hiyo kinachoachwa kinajulikana mapema: njia, egesho na kivuli. Mkandarasi hana kosa hapo, maana mkataba wake huhesabu vibao, naye amevisimika vyote. Msimamizi naye anaandika asilimia kubwa ya utekelezaji bila kudanganya. Lakini eneo la Litembo halipo kwenye barabara ya kwenda ziwani, na kibao kilichowekwa njia panda kinamwambia msomaji kwamba kuna mahali, bila kumfikisha. Dereva wa basi hasimami pasipo na egesho. Mzee wa magoti mabovu, au mtu wa kiti cha magurudumu, huishia kwenye nguzo. Mimi ningekubali vibao viwili vyenye njia badala ya saba visivyo nayo, ingawa najua saba ndivyo vinavyopendeza kwenye ripoti.

Gharama hukua kwa sababu ambazo si za ajabu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga mita 30 kila upande wa barabara kuu na za mkoa. Kibao kikiwekwa ndani ya hifadhi hiyo ya barabara kinahitaji kibali na kinaweza kung'olewa barabara ikipanuliwa. Kikiwekwa nje, kinaangukia shamba la mtu, mara nyingi la kahawa, na hapo fidia inaingia. Njia ya kuteremkia ikichongwa moja kwa moja kwenye mteremko inavunja ngoro na kuyapa maji mkondo, kisha msimu unaofuata inajengwa upya kwa mawe, pesa ambazo hazikuwemo kwenye makisio. Maandishi yanayochapwa kabla ya vikao kuisha huchapwa tena. Saruji na chuma hulipiwa usafiri kwa kila kilomita kutoka Songea. Na nguzo ya chuma ina soko kwa wanunuzi wa chuma chakavu, jambo ambalo makisio machache hulikumbuka. Nguzo ya zege au jiwe la hapohapo lingeondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Matunzo ndiyo mwisho wa orodha. Baada ya makabidhiano kibao huwa mali ya kijiji, na kijiji hakipewi fungu la rangi wala la kufyeka nyasi. Kwa Pomonda kuna jingine: anayetaka kulifikia jiwe huhitaji mtumbwi, na nauli wanapatana na mvuvi palepale ufukweni. Kibao chenye bei ya kuvuka na sehemu ya kupandia kingemfaa mgeni huyo kuliko aya nzima ya historia, na kukiandika hakuhitaji kikao hata kimoja.