Isome Sarafu Kabla ya Kuiuliza Bei

Umeenea uvumi siku hizi, hasa kupitia simu za mkononi, kwamba mtu aliye na sarafu kuukuu nyumbani kwake amekalia utajiri asioujua. Huonyeshwa picha ya senti kumi yenye tundu katikati, au shilingi arubaini ya mwaka wa 2003, na chini yake tarakimu za kumfanya mtu ameze mate. Kisha mnunuzi asiyeonekana uso huomba atumiwe kwanza ada kidogo ya kuisajili sarafu hiyo. Ada ikishatumwa, mnunuzi hutoweka kama umande jua lichomozapo.

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Hata hivyo, haitoshi kuwakanya watu kwa methali. Mlaghai hufaulu kwa sababu mwenye sarafu hajui alicho nacho mkononi. Tumefundishwa kuzihesabu sarafu tangu darasa la kwanza, lakini hatukufundishwa kuzisoma. Ilhali sarafu ni maandishi. Ina tarehe, ina mchoro, ina jina la mtawala, na mara nyingine ina herufi ndogo inayotaja kiwanda ilikopigwa. Anayeyasoma hayo yote hatapeliki kwa urahisi, na aghalabu huvuna faida ipitayo ile aliyoitarajia.

Tuanze na lugha yenyewe, maadam ndiyo hazina ya kwanza ya mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili. Neno pesa lilitoka Bara Hindi, ambako lilikuwa jina la sarafu ndogo ya shaba. Mwaka wa 1888, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipigisha pesa za shaba zenye jina la Mombasa na mchoro wa mizani. Thumuni, jina ambalo wazee wetu waliipa senti hamsini, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Hela, neno walipendalo jirani zetu wa Tanzania, ni Heller ya Wajerumani, ambao mwaka wa 1904 waliigawa rupia yao katika sehemu mia moja. Sarafu zenyewe zimekwisha kutoweka, bali majina yamesalia vinywani mwetu. Tangu mwaka wa 2007 Wakenya wametumiana M-Pesa pasi na kugusa chuma chochote, na bado jina ni lile lile la kisarafu cha shaba.

Sasa tuitazame sarafu ambayo huenda imo katika kibubu cha nyanya yako. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka wa 1919. Mwaka uliofuata rupia iliondolewa, ikaletwa florini. Nayo florini haikudumu, kwani mnamo 1921 ilifuatwa na shilingi ya senti mia moja. Senti tano na senti kumi za Bodi hiyo zilikuwa na tundu katikati na pembe mbili za ndovu ubavuni. Shilingi ilikuwa na simba aliyesimama, na nyuma yake milima.

Chukua shilingi mbili za simba, moja ya mwaka wa 1946 na nyingine ya 1948, uziweke pamoja juu ya meza. Zote mbili zina sura ya Mfalme George wa Sita. Lakini ya kwanza humtaja kwa Kilatini kuwa Mfalme na pia Kaizari wa Uhindi, ilhali ya pili humtaja kuwa mfalme tu. Je, cheo hicho kilikwenda wapi? India ilipata uhuru wake mwaka wa 1947. Mtoto wa Nyeri au wa Kisumu aliyetumwa dukani kununua chumvi alikuwa ameishika mkononi habari ya kuporomoka kwa himaya, hata kama hakuna aliyemweleza. Zaidi ya hayo, shilingi ya 1946 ilikuwa na robo ya fedha halisi ndani yake, bali ile ya 1948 ilikuwa ya shaba na nikeli pasi na fedha yoyote. Tofauti ya miaka miwili tu, na sarafu mbili zinazofanana kwa simba wao, zatueleza mambo mawili makubwa.

Zitazame pia herufi ndogo. Sarafu nyingi za Bodi zilipigwa Uingereza, na herufi H au KN hutaja viwanda vya huko. Lakini baadhi ya zile za mwanzoni mwa miaka ya 1940 zina herufi I, yaani zilipigwa Bombay, au herufi SA, yaani zilipigwa Pretoria. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto, na sarafu za Afrika Mashariki zilitengenezwa mbali na mabomu ya Ulaya.

Hapo ndipo tunapolifikia suala la bei, ambalo ndilo chambo cha walaghai. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza mwaka wa 1936 kwa muda usiotimia mwaka mmoja, akajiuzulu mwezi wa Desemba kabla hajavishwa taji. Huko kwao hazikutolewa kwa umma sarafu za kawaida zenye sura yake. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki, kwa kuwa zilikuwa na tundu, hazikuhitaji sura bali jina tu. Kwa hiyo zilipigwa zikiwa na jina la Edward na zikatumika madukani petu. Mwaka wa 2020, sarafu moja ya dhahabu ya majaribio yenye sura ya mfalme huyu ilinunuliwa huko Uingereza kwa pauni milioni moja. Je, senti kumi ya Edward iliyo katika kibubu chako nayo ni mali ya mamilioni? La hasha! Ilipigwa kwa mamilioni, na kwa sababu hiyo wakusanyaji huinunua kwa bei ndogo. Mfalme ni yule yule, mwaka ni ule ule. Kilichotofautiana ni uchache.

Thamani ya sarafu basi husimama juu ya mafiga matatu: uchache wake, hali yake, na wingi wa watu wanaoitaka. Umri peke yake si figa. Ipo sarafu ya miaka mia moja isiyoweza kununua kikombe cha chai, na ipo ya juzi inayogombewa. Figa la hali ndilo tunalolivunja wenyewe mara nyingi. Mtu huokota sarafu nyeusi, akaisugua kwa majivu, kwa limau au kwa waya wa kuoshea sufuria hadi ikametameta, akidhani ameipandisha bei. Kumbe ameiparura. Mkusanyaji huitaka sarafu iliyozeeka kwa heshima zake, wala si ile iliyochubuliwa ngozi. Anayetaka kuitunza na aiweke kwenye bahasha kavu, aishike ukingoni, na aache kuisugua.

Hatuna haja ya kwenda enzi za ukoloni pekee. Sarafu za kwanza za Kenya huru zilitolewa mwaka wa 1966 zikiwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta bila maneno yoyote kuizunguka. Tangu 1969 zikaongezwa maandishi ya kumtaja kuwa Rais wa kwanza. Baadaye ilifuata sura ya Rais Daniel arap Moi. Mwaka wa 2003 ikatolewa shilingi arubaini yenye sura ya Rais Mwai Kibaki kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Shilingi zenye tarehe ya 2005 zikairejesha sura ya Kenyatta, aliyefariki mwaka wa 1978. Mwalimu hebu awaulize wanafunzi wake: marehemu alirudije kwenye sarafu baada ya miaka 27, naye aliyekuwa Ikulu wakati huo hakuonekana humo? Kisha awape shilingi ya mwaka wa 2018 yenye twiga, na awasomee Katiba ya 2010, kifungu cha 231, kinachokataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu zetu. Somo zima la uraia litakuwa limetoka katika chenji ya matatu.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni mazungumzo ya walioshiba; kwamba mtu mwenye karo ya kulipa hatafuti historia, anatafuta mnunuzi. Hoja hiyo ina uzito, wala simlaumu anayetaka kuuza kilicho chake. Ninachosema ni kwamba asiyejua huuza vibaya. Aliye na florini ya 1920 anaweza kuitoa kwa bei ya sukari, na aliye na senti ya Edward anaweza kupoteza akiba yake akiifuata ndoto. Aidha, sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu makavazi na turathi huvitambua kuwa vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka wa 1895, na haviruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Pesa ya Mombasa ya 1888 imo katika kundi hilo. Anayeokota kitu cha namna hiyo shambani au magofuni na aende Makavazi ya Kitaifa, asikimbilie kwa mchuuzi.

Kwa walimu nina pendekezo lisilohitaji bajeti. Waombeni wanafunzi waulize nyumbani, kwa idhini ya wazee, sarafu zilizosahauliwa kwenye vibubu, mitungi na masanduku. Ziorodhesheni kwa mwaka, kwa madini, kwa sura na kwa maandishi. Kisha kila mwanafunzi aandike insha kuhusu moja, na airudishe kwa mwenyewe ikiwa salama, pamoja na maelezo yake. Wazee watakaoulizwa watasimulia ndururu moja ilinunua nini na thumuni ilinunua nini, na simulizi hizo hazimo katika kitabu chochote cha kiada.

Jambo hili halitaki kuahirishwa. Kadiri malipo yanavyohamia kwenye simu, ndivyo vidole vyetu vinavyoisahau sarafu, na ndivyo wanavyotutoka wanaokumbuka kazi yake. Sarafu ikipotea na msimulizi wake akazikwa, hakuna mnada utakaoturudishia tulichopoteza. Basi nawe msomaji, ukipewa chenji leo jioni, igeuze shilingi yako upande wa pili na uisome tarehe kabla hujaitia mfukoni.