MWANGAZA WA KUPIGA PICHA YA USO



Wakati wa picha za karte za wanafunzi umefika, na wengi wanatuuliza: kwa nini nguo inaonekana vizuri, ukuta unaonekana vizuri, lakini uso unatoka kama kivuli? Hili si neno la urembo tu. Msimamizi anatazama karte, anatazama mtu. Akikosa macho na pua pale, atajuaje kama ni wewe?

Wengine wanasema ni juu ya ngozi yetu nyeusi. Hapana! Kamera haijui mtu. Inapima mwangaza wote ulio mbele yake na kuuweka katikati, kati ya nyeupe na nyeusi. Nyuma yako kukiwa ukuta mweupe, inaona weupe mwingi, inapunguza mwangaza, na uso ndio unapata hasara. Basi kwa telefone, gusa pale penye uso, kisha pandisha mwangaza kidogo. Ukuta ukizidi weupe, uache. Ukuta haufanyi mtihani.

Tusipige nje saa sita. Goma iko karibu na ikweta, jua linasimama juu ya kichwa na macho yanaingia gizani. Tena penye mchanga mweupe mwangaza ungeruka kutoka chini na kujaza uso, lakini mawe meusi ambayo Nyiragongo ilituletea hadi katikati ya mji mwaka 2002 yanaumeza wote.

Umeme nao unakatika, kwa hiyo tutumie mlango. Chagua mlango mpana ambao jua lenyewe haliingii. Mtu akae ndani, hatua mbili kutoka mlangoni, ageuke kidogo ili mwangaza umfikie kwa mbele na upande mmoja. Ukuta wa nyuma uwe mbali naye. Upande wenye giza, mwenzake ashike shuka nyeupe karibu na shavu, pasipo kuonekana ndani ya picha. Shuka ingine iwekwe juu ya magoti. Hiyo inafanya kazi ambayo mawe yetu yanakataa.

Kwa nini si ampule? Ampule ndogo inaacha doa moja la kung'aa kwenye paji, na kwingine giza. Mlango mpana unatandaza ule mng'ao, na umbo la uso linaonekana. Kama ni lazima kutumia ampule, ielekeze kwenye ukuta mweupe, mwangaza urudi kwa mtu.

Hii si kazi ya kubahatisha. Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio yake mwaka 1948. Picha nyingi alizipiga uani kwa mwangaza wa mchana, kitambaa cha kitanda kikiwa pazia la nyuma. Leo zinatundikwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Watakaopigwa waje asubuhi, wasipake mafuta mengi usoni ile siku, na kila kalasi ilete shuka mbili nyeupe. Zilizofuliwa, tafadhali.